Muulize Mwalimu wa Kaiti: Ukiogopa, mikono hushika

Tangu jarida hili liandike habari za kaiti za Paje, mchezo wa kuvutwa majini na tiara kubwa ukiwa juu ya ubao, barua zimekuja nyingi, na nyingi kati yake zimetoka kwa watu waliopita arobaini. Vijana hawaandiki. Kijana hushuka ufukweni, akaanguka, akacheka, akajaribu tena. Anayeandika ni yule aliyelala na swali lake. Nimechagua barua nne. Lugha yangu mtanisamehe: nilikuwa mtu wa ngalawa kabla sijawa mtu wa kaiti, na maneno yangu ya upepo ni ya huko.

SWALI: Assalamu alaykum mwalimu. Mimi ni muuguzi, umri wangu miaka 43, naishi Mwanakwerekwe. Shoga yangu alinishawishi tukaenda Paje kujifunza kaiti. Mchangani nilifanya vizuri, hata mwalimu alinisifu. Tulipoingia majini, maji yakiwa kiunoni, kaiti ilinivuta mara moja tu, magoti yakaniisha nguvu. Nikaishika ile fimbo ya kuongozea kaiti kwa mikono miwili nikaivuta kifuani. Hapo ndipo nilipoburutwa hasa, nikameza maji. Mwalimu, kijana tu, anapiga kelele, simsikii anasema nini. Nikatoka nikitetemeka, nikamwambia basi. Lakini tangu siku hiyo nikipita pahala penye upepo naangalia juu. Kuogelea najua kidogo, pale ninapogusa chini. Wanangu wananicheka, na mume wangu anasema ule ni mchezo wa watoto wa ufukweni na mimi umri umenipita. Niache au nirudi?
*Muuguzi mwenye khofu, Mwanakwerekwe*

JIBU: Waalaykumu ssalaam, dada muuguzi. Rudi. Ila usirudi kesho, na usirudi vile vile ulivyokwenda.

Jibu lako umeliandika mwenyewe: uliishika fimbo kwa mikono miwili ukaivuta kifuani. Sikulaumu, ndivyo tulivyoumbwa. Mtu akishtuka, vidole hufunga. Kwenye ngazi, au kwenye daladala lililofunga breki ghafla, vidole hivyo vinakuokoa. Kwenye kaiti vinakupeleka. Fimbo ikija karibu na kifua, kamba za nyuma hukaza na kaiti hukamata upepo. Ikienda mbali nawe, kamba hizo hulegea na upepo humwagika. Mzee yeyote wa Jambiani atakwambia kwamba ngalawa ikizidiwa hukazi demani (kamba ya tanga), unailegeza, na hakulipia kozi kulijua hilo. Wewe hujawahi kushika demani. Mikono yako haijui, na haitajua kwa kupigiwa kelele.

Kwa hiyo mtu mwenye khofu, kwangu mimi, somo lake la kwanza ni kuachia. Kurusha na kugeuza vitakuja. Kuachia kuna hatua tatu, na zote tunazifanya mchangani mpaka mikono ifanye bila kukiuliza kichwa. Kwanza, fungua vidole. Fimbo itakimbia mbele, wala haitapotea, kwa sababu kaiti imefungwa kwenye mkanda ulioufunga kiunoni, haikufungwa mikononi mwako. Nguvu nyingi huondoka hapo hapo. Pili, kipo kifyatuo mbele ya kitovu, kisukume. Kaiti itabaki na kamba moja tu, itapoteza umbo na kuanguka. Tatu, kamba hiyo moja nayo ina kifyatuo chake, na ukikifungua kaiti inakwenda zake, wewe unabaki na maji. Hatua hii ya tatu wengi hawaitumii maisha yao yote, lakini nimeona mtu akishaijua mabega yanamshuka.

Mwambie mwalimu, kabla hamjagusa maji, kwamba unataka kufyatua macho yakiwa yamefumbwa, kwa mkono wa kulia na kisha wa kushoto. Akisema hakuna haja, tafuta mwengine. Paje haina njaa ya walimu.

Kitu chengine kinachomtisha mgeni ni kaiti kuanguka majini. Anaona kishindo, anadhani mambo yameharibika. Kumbe kaiti iliyoanguka ndiyo kaiti iliyotulia. Hizi tunazotumia zina mirija inayojazwa hewa kwa pampu. Ni wazo la ndugu wawili wa Kifaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliolisajili mwaka 1984, na kusudi lake lilikuwa hilo hasa: ikianguka isizame, na iweze kupaa tena kutoka juu ya maji. Basi mimi wanafunzi wangu nawaambia waiangushe makusudi. Ukiona huiwezi, iache ianguke, pangusa uso, tazama mchanga uko wapi, vuta pumzi mbili tatu ndefu (wewe muuguzi hilo unawafundisha wenzako kila siku), ndipo uanze tena. Hakuna anayekukimbiza.

Sasa maji. Hukuniambia ulikwenda siku gani ya mwezi, nami nadhani sehemu kubwa ya khofu yako imo humo. Mwamba wa Paje uko mbali na ufukwe, na ndani yake maji ni ya kusimama kwa saa nyingi za siku, ndiyo maana watu wanatoka Ulaya kuja kujifunzia kwetu. Lakini katika bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika mita 4. Mtu ameanza somo maji yako kiunoni, anamaliza amesimama kwa vidole vya miguu. Kwa mjuzi si kitu. Kwako wewe ni mtihani juu ya mtihani. Njoo siku za maji mafu, wiki moja hivi baada ya mwezi kuandama au baada ya kuwa mpevu. Siku hizo maji hayapandi sana wala hayashuki sana, na kina ulichoanza nacho ndicho kwa kiasi kikubwa utakachomaliza nacho. Vaa viatu vya majini: chini kuna mawe, na kuna wale wadudu wa miiba mieusi ambao kama umezaliwa kisiwa hiki huhitaji kuelezwa.

Upepo nao una siku zake. Kaskazi, tuseme Disemba mpaka Machi, na kusi, Juni mpaka Septemba. Katikati ni maleleji, upepo wa kuja na kuondoka, ambao humchosha mwanafunzi kuliko upepo mkali. Kusi kwa kawaida hukaza zaidi, basi wewe ngojea kaskazi ya Januari au Februari, upate upepo wa noti 12 mpaka 16. Noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa, ukitaka kumhesabia mumeo. Paje inaangalia mashariki, kwa hiyo pepo hizi mbili zote zinakuja kwa ubavu zikielekea pwani. Kaskazi itakusogeza upande wa Jambiani, kusi upande wa Bwejuu, na zote mbili mwisho wake ni mchangani. Kila unapofika ufukwe wowote jiulize: nikiachia kila kitu, nitafikia wapi? Paje utafikia mbele ya hoteli ya mtu, urudi kwa miguu, basi. Ukiona wingu jeusi la mvua linakuja kutoka baharini, toka mapema. Upepo unaotangulia mvua hauna salamu.

Kuogelea: wako watakaokwambia si lazima kwa kuwa maji ni mafupi. Mimi nataka ujue jambo moja tu, kulala chali ukaelea huku unapumua, mpaka uchoke kwa kuboreka na siyo kwa khofu. Jifunze hilo kwanza bila kaiti, asubuhi bahari ikiwa shwari, ukiwa na jaketi la kuelea na mtu unayemwamini. Jaketi hilo hilo utalivaa kwenye kaiti, pamoja na kofia ngumu.

Yule kijana wako aliyekuwa anapiga kelele, nadhani hakuwa na nia mbaya, alikuwa mbali tu. Sauti ikitupwa dhidi ya upepo haifiki. Kamba za kaiti zina urefu wa mita 20 na kitu, lakini mwalimu wa mwanafunzi mwenye khofu husimama mahali anapoweza kukushika mkanda kwa nyuma, na akikushika unasikia uzito wake. Omba hivyo wazi wazi. Omba uwe peke yako, usichanganywe na mwenye miaka 20. Omba mwalimu awe yule yule kila siku. Skuli nyengine zina kofia zenye redio ndani yake, na kwa mtu kama wewe redio ina maana kubwa kuliko kaiti mpya. Pataneni ishara za mikono kabla ya kuingia. Mafundisho mengi hufuata uso wa saa ya ukutani: akisema kumi na mbili, kaiti iwe utosini, pale jua linaposimama adhuhuri, tisa na tatu ni kushoto na kulia karibu na maji. Saa mbili kwa siku zinatosha. Baada ya hapo mikono imechoka, na mikono iliyochoka hushika.

Ubao utakuja mwisho. Kwanza kaiti ndogo ya mazoezi ya mita za mraba 2 au 3 mchangani, halafu kaiti yenyewe ukiwa umesimama majini, halafu kuburutwa kwa kifua bila ubao, kwenda na kurudi, mpaka uone kuburutwa ni usafiri. Wewe ulirukishwa kutoka hatua ya kwanza hadi katikati, na umri wako hauhusiki na hilo. Kila mtu ana kasi yake, na mtu mzima ana faida moja: akielezwa sababu, anaifuata. Kijana namwambia usizungushe kamba kwenye vidole, anaizungusha nikigeuka. Mtu wa miaka 43 namwonyesha kamba iliyokaza inavyokata kijiti, haigusi tena.

Kivazi: suruali ya kubana na blauzi ya mikono mirefu ya kuogelea, mtandio wa kuogelea uliochomekwa ndani, mkanda juu yake. Kanga, pini, bangili na pete viache nyumbani. Ukitaka mwalimu wa kike uliza unapopiga simu, usingoje kufika.

Na shemeji yangu nampa salamu. Huo mchezo wa watoto wa ufukweni umeingia Olimpiki za Paris mwaka 2024, mashindano yake yakafanyika baharini Marseille. Aje naye, akae kivulini na chupa ya maji. Ila asikufundishe. Mume na mke kwenye kamba moja, wallahi, nimeona ndoa zikitikisika kwa jambo dogo kuliko hilo.

SWALI: Walimu wa kaiti mnatuharibia. Kila siku ya upepo wanafunzi wenu wanaangukia kwenye mashamba yetu ya mwani, wanakanyaga vigingi, kamba zinakatika, mwani unaelea. Ukimwambia mgeni haelewi, ukimwambia mwalimu anasema pole. Pole hailimi. Mnawafundisha nini watu hawa?
*Mkulima, Bwejuu*

JIBU: Mama, pole sitakupa. Mwani wa kuuza ulianza kulimwa Paje na Jambiani mwaka 1989, na mashamba yalikuwapo kabla ya kaiti. Aliyekuta mwenziwe pahala ndiye anayeomba njia.

Anayekuharibia ni mwanafunzi kuliko mjuzi, na nitakwambia kwa nini ili ukimkuta mwalimu umbane vizuri. Mjuzi anajua kupiga bisha: anakwenda akirudi, akapanda upande wa joshi (unakotoka upepo), akafika alipoanzia. Mgeni hajui. Yeye kila anachofanya anashuka upande wa demani (unakokwenda upepo) tu, mpaka akutane na kitu cha kumzuia, na kitu hicho ni kigingi chako. Basi mwalimu anayemwanzisha mwanafunzi joshi ya shamba amekwisha kumwelekeza shambani. Hawezi kusema ilikuwa bahati mbaya.

Mimi nawapeleka wanafunzi kwa miguu maji yakipwa, waone vigingi, waone kamba, waone vitaitai (vikamba vya kufungia mwani) vimefungwa kimoja kimoja kwa mkono. Akimkuta mwanamke ameinama hapo tangu asubuhi, hotuba haihitajiki. Tunaanzia demani ya mashamba. Na saa za bamvua, maji yakitoka na nyinyi mkiingia kazini, sisi tunakaa pwani, kwani hata maji ya kaiti wakati huo hayapo. Yuko mwalimu anayewapitisha watu katikati ya wakulima wakati huo kutafuta maji karibu na mwamba, kaiti ikiwa hewani. Huyo ni wa kusimamishwa.

Kamba ikikatika, mmea uliongojwa wiki sita umekwenda. Hiyo ni hasara yenye bei, na skuli iliyomleta mwanafunzi ndiyo ya kuilipa. Mgeni kesho yuko uwanja wa ndege. Andika siku, saa, rangi ya kaiti na maandishi yaliyo juu yake, maana skuli nyingi kaiti zao zina jina. Mpelekee sheha. Nendeni wengi, siyo mmoja mmoja.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Nimepata nafasi ya masomo Austria na naondoka Septemba. Wenzangu huko wameshanialika twende mlimani kuteleza kwa ubao juu ya theluji. Mimi ni mtu wa Kikwajuni, nina miaka 34, theluji nimeiona kwenye televisheni. Kaiti nilijifunza kidogo hapo Paje. Itanisaidia? Na kusema kweli naogopa.
*Msafiri*

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimewafundisha Waaustria wengi, na msimu mmoja wa baridi wenyeji wangu walinipandisha mlimani kwao Tirol, kwa hiyo hili nalisema kwa makalio yangu mwenyewe.

Kaiti itakusaidia magoti na macho. Magoti yakunjwe, macho yatazame unakokwenda na siyo kwenye ncha za miguu. Baada ya hapo inaweza kukudhuru. Kwenye kaiti unaegemea nyuma, unapingana na mvuto, uzito uko mguu wa nyuma. Mlimani ukiegemea nyuma ubao unakukimbia na hugeuki. Uzito unatakiwa uende mguu wa mbele, yaani kuelekea bondeni, mahali ambapo mwili wote unakataa. Hapo ndipo khofu yako itakapokaa, jiandae nayo. Tena huko hakuna kuachia. Kwenye kaiti miguu inachomoka ubaoni. Ubao wa theluji umefungwa miguu yote miwili, ukianguka unaanguka nao.

Basi jifunze kuanguka siku ya kwanza, uwanja wa tambarare. Wageni wengi huvunjika kifundo cha mkono kwa kunyoosha viganja wakidaka ardhi. Funga ngumi, ukianguka mbele pokea kwa mikono mpaka viwiko, ukianguka nyuma kaa chini kwanza kisha jiviringe, kidevu kifuani. Nunua au kodi vilinzi vya vifundo vya mikono, na kofia ngumu. Wenzako watacheka. Waache.

Ubao ule unakwenda kwa kingo zake. Ukingo wa upande wa mlimani ukiung'atisha kwenye theluji, unasimama. Ukilegeza ubao ukalala bapa, ukingo wa upande wa bondeni utanasa na utatupwa kabla hujajua. Kwa hiyo siku ya kwanza hugeuki hata kidogo: unasimama kwa visigino, unateleza polepole kwa ubavu kwenda chini, unasimama tena. Kisha hivyo hivyo kwa vidole, uso ukiangalia mlima. Hapo ukishapaweza, kugeuka ni kutoka huku kwenda kule.

Njia za mlimani zina rangi. Austria ya buluu ndiyo rahisi, halafu nyekundu, halafu nyeusi. Ukivuka kwenda Ufaransa utakuta na kijani, rahisi zaidi ya buluu. Wenzako watakupeleka nyekundu siku ya kwanza kwa mapenzi. Kataa. Lipia mwalimu, kwa sababu rafiki aliyejifunza akiwa na miaka mitano hakumbuki alivyojifunza. Viatu vya kukodi vijaribu visigino: ukiinama mbele kisigino kikipanda ndani ya kiatu, omba namba nyengine. Usivae jinzi, italowa na itaganda. Fulana ya pamba nayo inashika jasho na kukutia baridi. Na miwani usisahau: jua la kwenye theluji linachoma macho kutoka chini na juu, mimi wa Paje nililionea haya.

Kuanguka kwenye theluji mbichi ni laini. Kwenye theluji ya asubuhi iliyoganda usiku ni saruji. Nenda saa nne, siyo saa mbili.

SWALI: Mimi ni mkaazi wa Wete, miaka 58, mstaafu. Nimenunua kaiti kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao, mita za mraba 12, kwa bei ya kutupa. Nataka kujifunza mwenyewe taratibu hapa hapa kwetu kwa kutazama video. Nipe nasaha.
*Mstaafu, Wete*

JIBU: Kaka, usiipandishe. Umri wako sina neno nao. Neno langu ni Wete. Mji wenu uko magharibi ya Pemba, na kaskazi na kusi zote mbili zinatoka upande wa mashariki, maana yake zinapita juu ya kisiwa na kutoka baharini. Ukiachia kila kitu Paje unafika mchangani. Ukiachia kila kitu Wete unaingia Mkondo wa Pemba, ambao kina chake ni mamia ya mita, ukielekea bara. Tena upepo uliopita juu ya milima na mikarafuu huja vipande vipande, na kaiti ya mita 12 ni kubwa kwa anayeanza, hasa upepo ukikaza.

Njoo Unguja ujifunze, na kaiti yako njoo nayo. Tutaijaza hewa tuiache usiku kucha, tuone asubuhi kama imeshuka, tutapima kamba kama zimelingana, tutatazama mishono. Kifyatuo kioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kuanzia leo. Vifaa vilivyokaa bila kuoshwa huganda kwa chumvi na mchanga, na kama hicho hakifyatuki kwa mkono mmoja, kinabadilishwa kabla ya kitu chengine chochote.